Mwalimu Aliyesinzia Katika Sura ya Yusuf

Kisa hiki alinihadithia kwanza mamamkwe wangu, Bi Mwatima, tukiwa jikoni tunachambua choroko. Naye alikipokea kwa bibi yake, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nakieleza kama nilivyokisikia.

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa kale wa mwambao aliishi mwalimu mcha Mungu, Mwanahija binti Shali, aliyesomesha wasichana Kurani ukumbini mwake. Ilikuwa ada ya walimu wa zama zile kusuka ukili wa mikeka huku wakisikiliza, kwani mikono ni ya riziki na masikio ni ya wanafunzi. Na ilikuwa ada vilevile kwamba msichana hahitimu mpaka mwalimu amshike mkono mbele ya watu, aseme: "Nimemsikia, sura kwa sura."

Adhuhuri moja, msichana aitwaye Shufaa alikuwa akimsomea Sura ya Yusuf. Jua lilikuwa limetulia juu ya ukuta wa chokaa, na sauti ya Shufaa ilipanda na kushuka kama nyuki walio mbali. Mwalimu akasinzia. Mikono yake ikaendelea kusuka yenyewe. Alipozinduka, ukili ulikuwa umerefuka dhiraa nzima, na Shufaa alikuwa anafunga msahafu.

"Nimemaliza, Mwalimu."

"Barakallahu fiki, mwanangu," akajibu, akaona haya kumwambia arudie.

Tangu siku ile, kila akijinyoosha mchana aliota ndoto moja. Aliwaona wanafunzi wake wamekaa juu ya mkeka mweupe usio na mwisho, midomo yao inacheza, sauti haitoki. Akiwauliza kulikoni, wote humwonyesha mikono yake. Utamu wa sala ukamtoka. Akisujudu, aliona kama paji lake halifiki chini.

Miezi ikapita, Shufaa akazimaliza sura zilizosalia, na siku ya kuhitimu ikawadia. Baba yake, Mzee Shekuwe, alichinja ng'ombe na kumwandalia Mwalimu joho la hariri. Wageni wakajaa. Mwalimu akamshika Shufaa mkono, ulimi ukawa mzito. Akitamka, ameshuhudia uongo juu ya Kitabu cha Mola wake. Asipotamka, amemwaibisha msichana, na nani tena atamletea mwana?

"Mwalimu, tamka basi," shangazi yake Shufaa akachombeza. "Pilau linapoa, na wageni wetu hawa hawana subira ya Ayubu!"

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka.

"Jamaa, niwieni radhi," akasema. "Sura ya Yusuf sikuisikia. Mwana alisoma, mimi nikalala. Kosa ni langu, si lake."

"Kwa hiyo binti yangu hajahitimu?" akauliza Mzee Shekuwe. "Mbele ya wageni wote hawa?"

"Bado, bwana wangu."

Ndipo Shufaa akaangua kilio. "Baba, usimgombeze Mwalimu. Nilipoona amelala, niliruka. Nilisoma mpaka Nabii Yusuf alipotiwa kisimani, nikamwacha humo humo, nikafunga msahafu. Toka siku ile naogopa hata kuchungulia kisima chetu."

Kisha shangazi akavua viatu, akaketi chini. "Haya, mtoe kisimani mtoto wa watu, ndipo tule."

Shufaa akasoma. Mwalimu aliweka mikono mitupu mapajani, na watu wanasema ilikuwa mara ya kwanza kuiona imetulia. Pilau likapoa, alasiri ikaingia, hakuna aliyeondoka. Sura ilipotimia, Mwalimu akasema, "Sasa nimemsikia." Joho hakulipokea. Na kesho yake mchana, alipoota, wale wanafunzi walikuwa na sauti.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi nikimnyonyesha mwanangu. Naona mwalimu akiifanya kazi yake nusu, mtoto naye hujifunza ile nusu, na wote wawili hubaki na uzito ambao hakuna anayethubutu kuutaja kwanza.

Asubuhi iliyofuata baada ya Bi Mwatima kunihadithia, watoto watano wa majirani walikuja barazani kwangu kusoma, kama kawaida yao. Mimi huwasikiliza huku nakuna nazi. Siku hiyo niliiegemeza mbuzi ya kukunia ukutani, nikanawa mikono, nikamwita yule mdogo kuliko wote.

"Rudia ya jana, mama," nikamwambia. "Sikukusikia."