Santuri Nzima Hazipigwi

Sogeeni mbele kidogo, ninyi mliokaa nyuma. Mabenchi ya mbele hayaumi. Leo nina habari ya mtu mmoja, na jina lake sisemi, maana nikitaja jina hamsikilizi tena, mnaanza kukisia ni baba yake nani. Msijisumbue. Ni mtu wa kubuni, nimemtunga jana nikipiga pasi joho langu.

Mtu huyu alikuwa mgane, amestaafu kazi ya reli, na alikuwa akikusanya santuri. Vijana, santuri ni ile sahani nyeusi ya kupigia muziki, kabla ya kanda na kabla ya hizo simu mnazozificha chini ya vitabu vya nyimbo. Tena hakutaka zile kubwa zenye nyimbo nyingi. Alitaka zile ndogo, wimbo mmoja upande huu na mmoja upande wa pili, nyimbo za dansi na za mapenzi zilizovuma wakati baba zenu wanavaa suruali pana zinazofagia barabara. Alizitafuta minadani, kwenye baa zilizofungwa, kwenye nyumba ambako msiba umekwisha na ndugu wanagawana vitu, na hakuna anayetaka sanduku la muziki wa marehemu.

Alikuwa na sheria yake. Kila santuri aliyoileta nyumbani aliisogeza dirishani na kuiinamisha, aone mwanga unavyopita juu yake. Yenye mikwaruzo aliiweka chini karibu na mashine ya kuzipigia, hiyo ni ya kusikiliza. Iliyo nzima aliitia kwenye mfuko safi wa karatasi, akaipandisha juu kabisa ya kabati, na hiyo haikupigwa kamwe. Ukimwuliza sababu, anakwambia, "Sindano ya mashine inakula santuri. Kila ukipiga, imepungua." Na hakusema uongo, kweli inapungua. Basi itazameni nyumba hiyo: mbovu ndizo zilizoimba, zikiruka na kukwama kwenye neno moja, na nzima zimenyamaza.

Alikuwa mpweke, ndugu zangu, na upweke wake ulikuwa mchungu. Watoto walikuwa mbali, na wakipiga simu wanauliza afya, halafu salio linaisha. Majirani zamani walikuwa wakija, lakini ukiingia kwake unaambiwa usiguse, usiegemee hapo, na viti vyote vimebeba maboksi. Wakaacha. Akawa anakula amesimama jikoni, sufuria mkononi, maana nani anaandaa meza kwa ajili ya mtu mmoja? Jioni alipiga zile mbovu zake, na wimbo ukikwama aliuacha urudierudie, kwa sababu angalau kuna mtu anasema kitu ndani ya nyumba. Mnaijua hali hiyo. Wengine wenu redio inaongea mchana kutwa, na mkiulizwa imesema nini, hamjui.

Siku moja akasikia hodi. Moyo ukamruka. Akafuta mikono, akafungua mlango, akamkuta mama mmoja mzee, amejifunga kitenge vizuri, mkongojo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye santuri."

"Ndiye mimi."

"Nimeambiwa unayo ile ya mwanangu. Aliimba na bendi ya hapa mjini, nyimbo mbili tu, upande huu na upande huu, halafu maradhi yakamchukua. Yangu ilivunjika tulipohama. Picha ninazo, baba, sura naiona. Sauti ndiyo imenitoka. Nalala naitafuta, siipati. Nimekuja unipigie nisikie, mara moja tu."

Yule mzee wa santuri akaijua papo hapo. "Ninayo," akasema, na kifua kikamjaa. "Nzima kabisa. Nadhani iliyo nzima nchini imebaki hiyo moja."

"Mungu akubariki. Nipigie."

"Mama, hiyo haipigwi. Sindano itaila. Nipe muda nikutafutie mbovu yake, yenye mikwaruzo. Hiyo nitakupigia hata kutwa."

Mama akamtazama. "Sasa hii ilitengenezwa ya nini?"

Mzee akarudia habari ya sindano. Yule mama alikuwa bado amesimama mlangoni, kwa kuwa ndani hapakuwa na pa kukaa. Akasema, "Haya, baba," akaondoka. Na mzee wetu je? Alikwenda dirishani akamwangalia mpaka akapotea kwenye kona. Alitamani arudi. Alitamani mno. Lakini hakumwita.

Nasikia mnaguna. Mnataka niseme alikuwa mtu mbaya. Hakuwa mbaya, alikuwa anatunza. Wewe hujawahi kutunza kitu mpaka ukasahau ulikuwa unamtunzia nani?

Mama alirudi mara nyingine katikati ya kiangazi, jua linachoma mpaka mbwa hawabweki. Mzee akamwambia bado anatafuta.

"Na ile nzima?" mama akauliza. "Bado iko nzima?"

"Iko salama, mama. Haijaguswa."

"Haya, baba." Akageuka na mkongojo wake.

Sasa sikilizeni kilichomgeuza. Asubuhi moja alitaka kumwita mwuza maziwa aliyekuwa anapita barabarani, na sauti ikamtoka imekauka, kama mlango wa ghala. Akagundua kwamba tangu juzi hajazungumza na binadamu. Hilo likamtisha kuliko kitu chochote. Maziwa akayaacha yapite. Akaondoa maboksi kwenye viti viwili, akayapanga ukumbini. Akachemsha chai, akatoa vikombe vya arusi yake. Kisha akaenda mwenyewe mpaka nyumbani kwa yule mama, akamwambia, "Mama, njoo. Leo napiga ile nzima."

Mama akavaa nguo yake ya kanisani. Wakatembea taratibu, mzee akimshika mkono, na njiani mama akacheka peke yake kama msichana. Akaketi. Mzee akapanda kigoda, akaishusha santuri, akaanza kuitoa kwenye mfuko wake. Ikagoma. Akavuta. Ikatoka imejikunja kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni.

Mnajua nini kiko juu kabisa ya kabati, pale ambapo hakuna mkono unaofika? Bati. Alikuwa ameificha isiguswe na sindano, akaikabidhi kwa jua. Kiangazi chote bati lilikuwa linawaka, na ile santuri inalainika, inapinda, kimya kimya, ndani ya mfuko wake safi.

Aliiweka kwenye mashine hivyo hivyo. Angefanya nini? Sindano ikapanda na kushuka. Ikatoka sauti ya kijana, lakini inavutika, inazama, inaugua, inaruka maneno. Mama aliinamisha kichwa akasikiliza kwa muda.

"Huyu ni nani?"

"Ni yeye, mama. Ni mwanao."

"Hapana, baba. Mwanangu hakuwa analia."

Mzee akainua sindano. Mama akauliza, "Siku ile ya kwanza nilipokuja, ilikuwa imenyooka?"

Angeweza kudanganya. "Ilikuwa imenyooka, mama."

Mama hakugomba. Alishika mkongojo wake akasimama. Mzee akamfuata mpaka mlangoni. "Mama, chai hujamaliza. Karibu tena kesho, hata bila muziki. Tuongee tu."

Akamjibu kwa upole, na upole huo ulimwumiza kuliko matusi. "Nilipokuwa na la kuongea, baba, ulinisimamisha hapa mlangoni." Akaenda zake. Hakurudi tena.

Naona mnaisikitikia santuri. Mimi siisikitikii. Mimi namsikitikia mtu aliyekuwa na kiu ya kupata mtu, na mtu akaja kwake kwa miguu yake, kwenye jua, akiomba kitu kilichokuwa humo ndani. Angeupiga ule wimbo siku ya kwanza, yule mama angelia, halafu angesimulia utoto wa kijana wake, halafu chai, halafu wiki inayofuata angerudi. Santuri ingepungua kidogo. Sitawaambia kwamba kutoa hakupunguzi kitu, ninyi ni watu wazima. Kunapunguza. Muda unakwenda, nguvu zinakwenda. Lakini usipotoa vinakwenda vilevile, na hakuna aliyesikia wimbo.

Na sisi ndio hao. Watu wetu tunawapigia mbovu. Mke anapata saa ya mwisho ya siku, tumeshachoka na tunajibu kwa kuguna. Mama mzazi anapata simu tunayopiga tukitembea barabarani, magari yanapiga kelele. Neno zuri kabisa tulilo nalo, ule msamaha, ule mchana mzima wa kukaa na mgonjwa bila kuangalia saa, tumevipandisha juu ya kabati. Tunamwekea nani? Halafu tunakuja hapa kumlalamikia Mungu kwamba hatuna mtu.

Nilikuwa nimechagua wimbo wa kufunga ibada. Hatutauimba. Kuna mtu alikuja kwako akiomba jambo, ukamwambia bado. Umeshamkumbuka, naona umeinamisha macho. Matangazo yatasubiri. Nenda kwake sasa hivi, kabla ya chakula cha mchana, angali anafungua mlango. Akikufungulia, usijieleze sana. Mpe.