Kinyozi, Bwana Harusi na Kibawa cha Gari

Palikuwa na tajiri mmoja mjini petu, Bwana Taibu Mwinshehe, mwenye kampuni ya bima na tumbo la kuilinda. Kupokea alikuwa mwepesi. Kulipa, mpaka umfufue babu yake aje amwombe. Naye alikuwa na sharti lake: ukikata bima ya gari kwake, utangaze kila cha ziada kilichomo. Si ulichoongeza wewe tu, jamani. Hata kilichofungwa kiwandani, kwa kuwa mnunuzi wa kwanza huko ng'ambo alikichagua juu ya gari la kawaida. Usipokitangaza, siku likikufika la kukufika hulipwi hata nati. Wewe uliyenunua mtumba utajuaje alichochagua Mjapani? Hilo Bwana Taibu aliulizwa na wengi, na hakumjibu hata mmoja.

Sasa mjini humo alikuwamo Faki Mbwera, kinyozi wa maharusi. Mkononi hana kitu, lakini ulimi wake ulikata kabla ya wembe. Faki alijinyima hata sukari ya chai mpaka akanunua kigari kidogo chekundu cha spoti: rimu za kung'aa, kibawa nyuma, dirisha juu ya paa. Asubuhi akimnyoa bwana harusi, jioni humpeleka kwa mkewe kwa kigari hicho. Hiki mnachokiona leo kikipita na maua, chenye kibawa chake, rimu zake na dirisha lake, ni cha pili. Cha kwanza ndicho chenye kisa.

Wakala wa bima alikizunguka kile cha kwanza, akakipapasa, kisha akauliza, "Kina vya ziada?" Faki akajibu kwa moyo mweupe, "Sijaongeza hata kibandiko." Hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake.

Masika yakaja, ukuta wa jirani ukalala juu ya kigari. Faki akaenda kwa Bwana Taibu mwenyewe.

"Kibawa ulikitangaza?" akaulizwa.

"Kimetoka nacho kiwandani, bwana."

"Ulikitangaza?"

"Wakala wako alikiegemea akiandika."

"Mimi nilikatia bima gari lisilo na kibawa. Hilo lako silijui. Nenda kaudai ukuta."

Makarani wakacheka, maana ndiyo kazi waliyoajiriwa. Faki akatoka machozi yakimlenga, machozi ya hasira, kwa sababu kigari kile ndicho kilichokuwa kikiwalisha na kuwasomesha wanawe watatu.

Tajiri anachokudai hakisahau. Anachokudhulumu hukisahau kabla hujafika mlangoni. Mvua hazijakatika, Bwana Taibu akaposa mke wa tatu, rika la wajukuu wake, akakubaliwa. Na kwetu bwana harusi hunyolewa mbele ya watu: kiti juu ya mkeka, beseni la maji ya waridi, ndugu wa mume upande huu, kaka za mke upande ule. Kisha kuna jambo moja. Uso ulioanzwa na kinyozi mmoja haumalizwi na mwingine. Ni nuksi, ndoa haidumu. Basi akaitwa Faki, kana kwamba hapakuwa na lolote.

"Leo ninyoe nini, bwana?" Faki akauliza, kama ilivyo ada.

"Ninyoe uso. Na ufanye upesi, nikahi ni baada ya Alasiri."

"Uso. Kuna cha ziada?"

"Uso, nimesema. Huna masikio?"

"Mmesikia, mabwana," Faki akawaambia waliokaa.

Akapaka povu. Akanyoa shavu la kulia likawa laini, akanyoa nusu ya kidevu, nusu ya sharubu. Kisha akafuta wembe, akaukunja, akautia mfukoni.

"Hongera, bwana. Tayari."

Bwana Taibu akajipapasa. "Tayari nini? Na shavu hili?"

"Hilo la pili? Hukulitangaza."

"Nimezaliwa nalo!"

"Ndiyo nasema. La kiwandani. Hayo hasa ndiyo yanayotakiwa kutangazwa."

Kaka za mke wakaanza kukohoa kwenye vitambaa vyao.

"Wewe kinyozi, kila mtu anaona nina mashavu mawili. Huna macho?"

"Ninayo, bwana. Hata wakala wako alikuwa nayo."

"Kitu kilichokuja na uso ni sehemu ya uso! Mjinga gani anahitaji kuambiwa?"

"Mimi simjui," Faki akasema. "Ila ana kampuni ya bima."

Hapo kaka mkubwa wa mke, Nassibu, akaacha kukohoa. "Bwana Taibu," akasema taratibu, "hili ulilolitamka ndilo neno lako, au ni la shavu tu? Tunauliza kwa sababu dada yetu anakuja kuishi na neno lako."

Bwana Taibu akatazama huku, akatazama kule. Nusu yake bwana harusi, nusu yake beberu. Adhana ya Alasiri haiko mbali, na kinyozi mwingine hawezi kumgusa.

"Basi," akanguruma. "Gari lako nitalilipa, leo hii, mbele ya hawa. Lakini nalipa gari tupu. Kibawa, rimu na dirisha silipi. Hivyo ni vya ziada."

"Bwana amesema," Faki akajibu kwa adabu. Akautoa wembe, akaunoa juu ya ukanda, huku na huku, bila haraka. Akapaka povu shavu la pili. Wembe ukapanda kutoka kidevuni, ukapita taya, ukaenda ukasimama palepale sikio linapoungana na kichwa.

"Na hili, bwana? Limo usoni, au nalo ni la ziada?"