Macho Mia Chunguni mwa Bi Sange

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa chungu!

Chungu kina nini?

— Kifunue wewe, sisi tunaogopa!

Mnaogopa? Basi kaeni vizuri. Na anayetafuna huko nyuma atafune taratibu, namsikia.

Hapo kale, bara kabisa, kwa watu wasiojua ziwa wala samaki, alikaa Bi Sange. Sange mnamjua: mdogo kama panya, pua ndefu inayochezacheza muda wote. Alikuwa na watoto wanne, na kitinda mimba wake, Tunu, miguu haikumbeba. Akisimama, anaanguka. Akisimama, anaanguka. Chakula kilikuwa hakimfikii, jamani! Na kwa nini hakimfikii? Kwa sababu ya Fisi.

Bi Sange akisonga ugali, Fisi huyo! Kichwa kinagonga kizingiti cha juu: gwi!

"Hodi hapa! Kuna nini leo?"

Hajakaribishwa, ugali kwisha. Anatoka: gwi! Watoto wanalala na njaa.

Kesho yake viazi. Gwi! "Hodi hapa! Kuna nini leo?" Viazi kwisha, hata maganda! Gwi! Kaenda zake. Mimi ningemmwagia maji ya moto, lakini mimi sina akili za Bi Sange.

Siku ya tatu akapita Korongo, katoka ziwani na kifurushi mdomoni. Kumwona Tunu, akashtuka.

"Mama Tunu! Mtoto huyu hatatembea kamwe! Shika dagaa hawa. Waoshe kwa maji ya moto mchanga utoke, wakaange, uwaunge kwa karanga. Lakini vichwa usikate."

"Nisikate vichwa? Wabaki na macho?"

"Na macho, na mifupa. Atafune vyote, miguu ipate nguvu."

Bi Sange akafungua kifurushi, akapigwa na butwaa. "Lahaula! Mbona wote wananitazama mimi?" Halafu pua yake ikazidi kucheza. Ikacheza sana.

Akabandika chungu. Kitunguu: chaaa! Nyanya: chaaa! Dagaa: chaaa! Karanga zikaingia, mchuzi ukaanza: tokoto, tokoto, tokoto. Harufu ikatoka mlangoni, ikashika njia, ikamfuata Fisi alikolala.

Gwi!

"Hodi hapa! Kuna nini leo?"

Bi Sange akamtazama Tunu. Chakula hiki kikiliwa, Tunu hasimami tena. Akajikaza, akatabasamu.

"Karibu, kaka Fisi. Hebu kinga kiganja unionjee chumvi."

Fisi akakinga. Tone la mchuzi, tone moja tu. Akalamba.

"Lo! Lo, lo, lo! Utamu gani huu?" Akafunua chungu.

Mama yangu! Macho! Macho huku, macho kule, macho mia, yote yamekodoka, yote yanamtazama yeye. Fisi akaruka nyuma, kifuniko kikaanguka: kwangaraa!

"Ha... hawa ni akina nani?"

"Wageni," akasema Bi Sange, anakoroga.

"Wageni gani?"

"Wale wanaokuja bila kualikwa. Wanaonja, wanapungua. Wanaonja, wanapungua. Huyo wa pembeni ni Nyati."

"Nyati?!"

"Wewe umemwona wiki hii?"

Fisi hakumwona. Nyati alikuwa kaenda malishoni mbali, lakini Fisi angejuaje?

"Na huyu?"

"Huyo Twiga."

"Twiga! Shingo iko wapi?"

"Hata mimi nashangaa, kaka."

Fisi akajipangusa ulimi. "Lakini mimi nimeonja tone tu! Tone!"

"Twiga naye alisema hivyohivyo."

Weee! Fisi mbio, mkia umeingia katikati ya miguu, kachutama kwa hofu mpaka tumbo linaburuzika chini. Akapita mlangoni. Kimya. Hakuna gwi.

"Kaka Fisi!" Bi Sange akapiga ukelele. "Mbona leo hukugonga kichwa?"

Fisi akasimama. Akajishika utosi. Akageuka kutazama kizingiti, kiko juuuu!

"Toba! Nimepungua! Jamani, nimeshapungua!"

Akaangua kilio, akakimbia vilevile kachutama. Mpaka leo fisi nyuma kwake kumeinama, hajathubutu kujinyoosha ajipime.

Tunu akala. Kichwa, jicho, mfupa: kru, kru, kru. Kesho akala, keshokutwa akala. Siku ya nne akasimama. Ndugu zake wakafumba macho wakijua anaanguka. Hakuanguka! Akatembea, hatua moja, hatua mbili, mpaka jikoni. Bi Sange mwiko ukamponyoka, machozi yakamtoka. Tunu akafunua chungu, akachungulia.

"Mama, Twiga amekwisha?"

Ngano yangu imeiva, naiepua. Mwenye sahani alete.

— Na funzo lake je?

Funzo? Msiseme uongo, wanangu. Uongo haumfikishi mtu popote. Mtazameni Bi Sange: alidanganya mchana kweupe, na hakufika popote. Alibaki palepale kwake, na chungu chake, na watoto wanne walioshiba, mmoja anakimbia.