Kidole Kilichoajiriwa

Palikuwa na tajiri mmoja mjini Tanga, Bwana Mbaruku, mwenye mgahawa mkubwa na mkono wa birika. Wafanyakazi wake aliwashuku hata wakipiga chafya. Siku moja akaleta mashine ya kusoma alama za vidole, akaigongomea mlangoni mwa jiko, akapanda juu ya kreti la soda, akatangaza:

"Kuanzia leo sitaki sura, sitaki udhuru! Kidole kikisoma, upo. Kisiposoma, hupo!"

Mpishi wake aliitwa Siwatu, mjane mfupi, mnene, mwenye ulimi mkali kuliko kisu chake cha vitunguu. Asubuhi ya kwanza alifika mikono ikiwa bado na mafuta ya mandazi aliyowakaangia wanawe. Akabonyeza. Mashine kimya. Akabonyeza tena. Kimya! Huko ndani wateja walishaanza kugonga meza. Akaona potelea mbali, akaingia jikoni, akapika kutwa mpaka jasho likamtiririka kisogoni.

Jioni Bwana Mbaruku akamwita mbele ya wenzake.

"Wewe leo hukuwepo. Ujira huna."

"Sikuwepo? Na lile pilau ulilokula ukaongeza, alipika nani?"

"Simjui. Mashine haikumwona."

Nyumbani kwa Siwatu unga ulikuwa umekwisha. Akauliza taratibu:

"Tajiri, hebu niambie. Hapa umeajiri mtu au kidole?"

"Kidole!" akanguruma Bwana Mbaruku, akijiona kasema. "Kidole gumba cha kulia! Hayo mengine unayoyabeba ni mzigo wako mwenyewe."

Ghafla Siwatu akahisi kicheko kinamtekenya mbavuni. Akakibana.

"Nimesikia, tajiri. Jamani, nanyi mmesikia?"

"Tumesikia!" wakaitikia wahudumu.

Sasa kesho yake haikuwa siku ya mchezo. Walikuwa wanakuja watu wazito kutoka Pangani kumposa binti wa Bwana Mbaruku, naye alishawatambia kwamba pilau la kwake halisahauliki mpaka kaburini. Siwatu akafika mapema, akanawa, akafuta gumba kwa upindo wa kanga, akabonyeza. Tii! Mashine ikampokea. Akaketi kwenye kigoda mbele ya sufuria, akakunja vidole vyote, akasimamisha gumba moja.

Adhuhuri Bwana Mbaruku akaingia na kanzu yake mpya. Jiko baridi! Kitunguu kimoja kinaviringika sakafuni, na gumba la Siwatu linakisukuma.

"Siwatu! Wageni wameshafika! Unafanya nini?"

"Mimi? Mimi nimepumzika. Anayefanya kazi ni huyu hapa."

"Shika mwiko, mwanamke!"

"Anajitahidi, tajiri. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, sembuse kukoroga pilau!"

"Na hivyo vingine?"

"Hivyo vimemsindikiza tu mwenzao."

Wahudumu wakageukia ukuta, mabega yakiwatikisika. Kutoka barazani ikasikika sauti nzito ya mgeni: "Jamani, tumekuja kuposa au kufunga?"

Bwana Mbaruku akaanza kutota jasho.

"Basi! Naajiri mkono mzima!"

"Mmoja tu? Na sufuria itashikwa na nani?"

"Yote miwili!"

"Nitasimamia nini, tajiri?"

"Na miguu! Na miguu!"

"Na jana?"

"Jana ulikuwepo! Nilikuona kwa macho yangu!"

"Mbona mashine haikuniona?"

"Kipofu hiyo! Pika, mama, pika, utaniaibisha!"

Siwatu akainuka. Moto ukawaka, vitunguu vikalia kwenye mafuta, na wageni wakapelekewa kahawa na kashata wajidanganye nazo. Bwana Mbaruku akajipangusa uso kwa mkono wa kanzu, akamnyooshea kidole.

"Sikiliza. Nimekuajiri mzima, toka utosini hadi unyayoni. Lakini huo ulimi wako, huo siuajiri ng'o!"

"Alhamdulillahi," akasema Siwatu. "Basi huo hauna tajiri."