Antena Zilizolala Mtaani Shaw

Apitaye mitaa ya Shaw jijini Washington bila kuinua macho huona nyumba za matofali zilizobanana bega kwa bega, wanafunzi walioshika vikombe vya kahawa, na mikahawa inayotoa harufu ya vitunguu hadi barabarani. Akiinua macho ataona pia kwamba karibu kila nguzo ya taa imevishwa kisanduku cha kijivu. Ndani ya kila kisanduku mna antena ya mawimbi mafupi mno. Mawimbi hayo hubeba habari tele kufumba na kufumbua, lakini ni dhaifu kama mtoto mchanga: ukuta huyazuia, na hata majani ya mti yaliyolowa mvua huyapunguza nguvu. Ndiyo maana antena hizo hazina budi kupandwa karibu karibu kama mahindi shambani. Nazo zilikuwa na njaa isiyo kifani. Usiku na mchana zilifakamia umeme, awepo mtu wa kuhudumiwa au asiwepo.

Ochieng, mhandisi mkuu wa kampuni iliyozimiliki, hakuona ubaya wowote katika jambo hilo. Alikuwa mzaliwa wa Kisumu, mcheshi na msemaji, ambaye sauti yake ilimtangulia kila alikoingia. "Duka halifungwi ati kwa sababu wateja hawajafika," alizoea kusema, na wenzake wakacheka.

Vaileth, Mtanzania aliyekuwa amehitimu shahada ya uzamivu si muda mrefu uliopita, alitofautiana naye kama mbingu na ardhi. Mikutanoni alitulia tuli kama maji ya mtungini. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuzifundisha antena kulala. Alitaka chache zikeshe kwa zamu, na nyingine zizime kila kitu isipokuwa sikio dogo la kusikilizia. Simu ikibisha hodi, iamke ile iliyo karibu tu, imwelekezee mwenye simu mwali mmoja mwembamba, kisha irudi usingizini.

Wakubwa wa kampuni walimpa mitaa michache ya kusini mwa U Street afanyie majaribio. Ochieng alikubali shingo upande.

"Dada yangu," alimuuliza mbele ya watu, "siku mtu atakapokuwa anakata roho na antena yako inakoroma, utamwambia nini?"

"Itaamka," alijibu Vaileth, asiongeze neno.

Julai ilipofika, joto lilikuwa limelikaba jiji koo. Alasiri moja mawingu meusi yalijikusanya upande wa Virginia, upepo ukaja kwa ghadhabu, na miti ikaanguka juu ya nyaya. Umeme ulikatika mitaa yote. Radi ikaupiga mnara mkubwa uliokuwa tegemeo la eneo zima, nao ukanyamaza. Sasa mtandao ulibaki mikononi mwa visanduku vya nguzoni, na kila kimoja kilikuwa na betri yake ndogo.

Ochieng na Vaileth waliinamia kompyuta katika ofisi yao ya ghorofa ya pili, iliyokuwa na jenereta yake, wakiitazama ramani ya antena. Upande wa kaskazini, ambako hakuna antena iliyowahi kufundishwa kulala, nukta zote ziliwaka kwa fahari. Lakini kadiri dhoruba ilivyoendelea betri zilikauka, nukta zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine kama mishumaa kwenye upepo, mpaka kaskazini kote kukawa kweusi. Upande wa kusini zilimulika nukta chache tu, zilizotawanyika.

Ochieng alipaza sauti. "Watu wako gizani, Vaileth! Amsha zote sasa hivi!"

Aliivuta kompyuta kwake. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja tu. Vaileth akaufunika ubao wa vibonyezo kwa viganja vyote viwili.

"Tafadhali, Bwana Ochieng. Ukiziamsha zote zitakufa kama zile za kaskazini. Hizi hazijafa. Zinasikiliza."

Ochieng hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Alimtazama machoni, akaona kwamba hakuwa na chembe ya shaka. Polepole akauondoa mkono wake.

Punde nukta moja ikawaka kusini, nyekundu. Ilikuwa simu ya dharura.

Mpigaji, kama walivyokuja kujua baadaye, alikuwa Spéciose, mama wa Bukavu, Kongo, aliyemtunza Mzee Tobias, mwalimu mstaafu mwenye mapafu mabovu. Umeme ulipokatika, mashine yake ya oksijeni ilizima, na mtungi wa akiba ulikuwa unaelekea kwisha. Midomo ya mzee ilibadilika rangi. Spéciose alijaribu kupiga simu chumbani, ikagoma. Alijaribu jikoni, ikagoma. Mwishowe alitoka mbio hadi kibarazani, mvua ikimchapa usoni, akaiinua simu kuelekea barabarani. Nguzo iliyokuwa mbele ya nyumba ikamsikia.

Gari la wagonjwa lilifika, likamchukua mzee. Hapo ndipo Ochieng alipoona kwenye ramani jambo ambalo macho yake hayakuwahi kuliona. Wahudumu walikuwa wakimrushia daktari hospitalini picha za moyo wa mgonjwa huku gari likienda, na antena zilianza kuamka. Nukta ya kwanza iliwaka, ya pili ikawaka mbele yake, na gari lilipopita ile ya kwanza ikasinzia. Mtaa baada ya mtaa, kona baada ya kona, mwanga ulifunguka mbele ya gari na kujifunga nyuma yake, bila kupotea hata mara moja.

"Zinampokezana," Ochieng alinong'ona, "kama akina mama wanavyopokezana kichanga." Akavuta kiti, akakaa. Vaileth alikuwa akilengwa na machozi, wala hakuyafuta.

Umeme uliporudi, antena za kusini zilikuwa bado na akiba katika betri zao.

Juma lililofuata wawili hao walikwenda kumjulia hali Mzee Tobias, wakamkuta ameketi kitini, anapumua vizuri. Spéciose aliwakaribisha kwa mikono miwili.

"Telefone ilikataa kabisa mule ndani," alisema. "Nikafika hapa nje, naona ka-alama kanakuja. Nikasema, Mungu iko!"

Mzee alitaka kujua ni nani wa kushukuriwa. Ochieng alimgeukia mwenzake. Akamshika Vaileth begani, akamsogeza mbele taratibu. Mzee Tobias aliunyoosha mkono wake, akaushika wa binti huyo na kuuweka kifuani pake, pale moyo ulipokuwa ukidunda.

Kabla mwaka haujaisha, Ochieng mwenyewe alisimama mbele ya wakubwa wa kampuni akataka antena zote, kutoka Shaw hadi Springfield kule Virginia, zifundishwe kulala. Walipomuuliza sababu, aliwaonyesha ile ramani ya siku ya dhoruba, akawaacha waitazame wenyewe. Walikubali siku hiyo hiyo.

Hawakukosea wahenga: kimya kingi kina mshindo mkubwa.