Kigae cha Kishingo

Aletaye kuku mgeni, alete na kigae chake. Jana kwenye hitima ya bibi yenu mlimsikia jirani akiisema, mkaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, na ilianzia uani kwetu.

Mama yangu, Bi Kidawa, alifuga kuchi, kuku warefu na wagomvi. Kaka yake alipofiwa na mke, mama alikwenda kumchukua binti yao, Somoe, mwenye miaka minane. Somoe alikuja na kanga moja ya marehemu na tetea wake mmoja, kishingo, yule kuku asiye na manyoya shingoni.

Mama alimtia kishingo katika banda la kuchi. Kigae cha pumba kilikuwa kimoja, kwa sababu mama aliamini kuku wakila pamoja huzoeana. Lakini kila kishingo aliposogea, walimdonoa shingoni, pale pasipo na manyoya ya kumkinga. Siku ya tano alijikunyata pembeni, shingo vidonda vitupu.

"Huyu hafiki Ijumaa," mama alisema. "Amekataa kula. Tumchinje kabla hajawa kibudu."

Somoe, ambaye tangu aje hakuwa amesema maneno kumi, alimshika mama kanga.

"Hajakataa, shangazi. Anangoja wenziwe wamalize. Wakimaliza, hakuna kitu."

"Umejuaje?"

Somoe akatazama chini. Mama akaitazama mikono ya mtoto ilivyokonda, kisha akatutazama sisi, wanawe watatu. Tulikuwa tukila na Somoe sinia moja, na mwenye mkono mwepesi kuliko wote nilikuwa mimi.

"Kumbe nafuga kuchi nje na ndani," alisema.

Akachukua chungu cha zamani chenye ufa, akakivunja, akaweka kigae cha pili upande wa pili wa ua. Kuchi walipong'ang'ania chao, kishingo alikula chake. Mchana huo, wali wa Somoe uliwekwa katika bakuli, karibu na goti la mama.

Kishingo alipona, akataga, akaangua vifaranga wenye miguu mirefu ya kuchi na shingo tupu za mama yao. Somoe naye alikua, nikamwoa, na ninyi mkatoka hapo.

Maisha yake yote, mgeni alipoingia nyumbani, bibi yenu hakuuliza atakaa siku ngapi. Alitafuta bakuli kwanza, akisema polepole: aletaye kuku mgeni, alete na kigae chake.