Yai Lililolinda Lango

Paukwa!

— Pakawa!

Aka! Hamjashiba majani leo? Itikieni kama wenye mapafu. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa uwanja?

— Na vumbi lake!

Vumbi la nani?

— La nyumbu!

Ehee. La nyumbu, la nani tena?

Haya ndama wangu, sogeeni. Hadithi hii ni ya ukoo wetu, na ukoo wetu mnaujua. Kichwa cha ng'ombe, ndevu za mbuzi, mkia wa farasi. Siku akili zinagawiwa, sisi tulikuwa tunakimbia. Tunakimbilia wapi? Hatujui mpaka leo. Wa mbele alikimbia, nasi tukakimbia.

Hapo zamani za kale, wanyama walicheza mpira wa magongo. Mpira ulikuwa fundo la mgunga, gumu kama kichwa changu. Mwenye mkono alishika gongo kwa mkono, mwenye mdomo kwa mdomo.

Bwawa lilikuwa moja tu. Timu za vijana zilikuwa mbili: sisi wa huku, na wale wa ng'ambo ya korongo. Kila kiangazi kikianza, zilicheza. Kila mchezaji wa timu iliyoshinda alipata zamu ya kunywa alfajiri, yeye na wanawe, maji yangali safi. Walioshindwa walikunywa mwisho, kwato zote zikishapita. Wakanywa tope.

Na mila ilisema hivi, ishikeni: mchezaji ni wa wale anaokunywa nao. Ukimtoa mchezaji wako akanywe na wa ng'ambo, basi ni wa ng'ambo.

Kiongozi wa timu yetu alikuwa Mama Nyumbu. Mwaka ule alikuwa na ndama mchanga, miguu bado inatetemeka. Kiangazi kilikuwa kikali, na Mama Nyumbu alijua kabisa: mtoto wa namna ile akinywa tope, hafiki masika. Hofu hiyo haikumpa usingizi.

Timu ilikuwa ya vijana, lakini ilikuwa na wazee watatu wa kuwaongoza. Nyati, aliyekuwa anachechemea. Nungunungu, aliyekuwa haoni vizuri. Na Mzee Kobe, mlinda lango, ambaye mwendo wake mnaujua, sina haja ya kusema.

Siku moja akaja Mbweha, kiongozi wa ng'ambo. Mdomo wake una asali.

"Dada yangu Nyumbu, hujambo? Mtoto hajambo? Mbona timu yako inanuka uzee? Jenga timu mpya, dada! Nipe wa jana, uchukue wa kesho! Nipe Nyati, nikupe Swala kijana. Tazama miguu hiyo!"

Mama Nyumbu akatazama miguu. Lo! Miguu mizuri. Akaenda kwa Nyati.

"Mzee wangu, hamia ng'ambo. Nimepata wa kesho."

Nyati akacheka. "Mimi kweli nimechoka, mwanangu. Mguu mmoja ukienda kushoto, wa pili huuliza kwa nini. Wa kesho nimemsikia. Na leo?"

Mama Nyumbu akatikisa ndevu. Nyati akaenda zake.

Mbweha akarudi. "Dada, nipe wa jana, uchukue wa kesho! Nipe Nungunungu, nikupe Tumbili kijana. Tazama mikono hiyo!"

Mama Nyumbu akatazama mikono. Lo! Mikono myepesi. Akaenda kwa Nungunungu.

Nungunungu akasema, "Sawa, mwanangu. Juzi nilimsalimia Nyati saa nzima, kumbe ni kichuguu. Wa kesho nimemsikia. Na leo?"

Mama Nyumbu akatikisa ndevu. Nungunungu akaenda zake.

Mara ya tatu Mbweha akaja akiviringisha kitu cheupe.

"Nipe wa jana..."

"...nichukue wa kesho!" Mama Nyumbu akamalizia mwenyewe. Mnaona? Ukitaka kumfundisha nyumbu wimbo, mwimbie wa ujinga.

"Nipe Kobe," akasema Mbweha, "nikupe hili yai la mbuni. Atakayetoka humu, dada, hajawahi kuonekana!"

Na ni kweli, hakuwa ameonekana. Msicheke! Wewe Kidevu, unacheka nini? Ungekuwepo ungechukua mayai mawili.

Mama Nyumbu akamwendea Kobe. Kobe alitoa kichwa polepole, akalitazama yai.

"Huyu ndiye atakayelinda lango?"

"Akianguliwa, babu."

"Basi ni mwepesi kuliko mimi, maana bado hajaanza hata kuchelewa. Wa kesho nimemsikia, mwanangu. Na leo?"

Mama Nyumbu akatikisa ndevu mpaka shingo ikamuuma. Kobe akaenda zake. Alianza safari siku hiyohiyo, lakini watu waliendelea kumuaga kwa muda mrefu, maana alikuwa bado anaonekana.

Siku ya mchezo ikafika. Yai likawekwa langoni. Lakini yai huhitaji joto, na nani wa kulilalia? Mama Nyumbu mwenyewe! Akakunja magoti, akalifunika kwa tumbo. Kiongozi wa timu, mama mzima mwenye ndevu, anaatamia katikati ya uwanja.

Mchezo ukaanza. Swala akapewa mpira. Akakimbia! Alikimbia vizuri sana, akafika lango la ng'ambo, akageuka. Mpira ulikuwa bado kule alikouacha. Hapakuwa na Nyati wa kumwambia, "Taratibu, nenda nao." Ng'ambo wakauchukua, wakaja, wakafunga. Moja!

Tumbili akapewa mpira. Akaushika, akapanda nao mtini, akaanza kuutafuna. Hapakuwa na Nungunungu wa kumchoma mwiba mmoja ashuke. Alipouona mchungu akautupa, ukaangukia mbele ya Mbweha. Mbweha akafunga. Mbili!

"Mama, inuka!" vijana wakapiga kelele. "Zuia!"

"Siwezi!" akalia Mama Nyumbu. "Nikiinuka, wa kesho atapata baridi!"

Na upande wa pili Kobe alikaa langoni, akaenea nguzo kwa nguzo. Kila mpira uliomfikia ulisema ko! ukarudi. Hakuruka. Angeruka vipi?

Mpira wa tatu ukaja kwa nguvu. Mama Nyumbu akafumba macho. Mpira ukapita chini ya tumbo lake, ukalipiga yai. Paaa!

Jamani, harufu! Yai lilikuwa viza. Lilikuwa viza siku nyingi kabla Mbweha hajaliviringisha kuja. Uwanja mzima ukaziba pua. Tatu, na mchezo ukaisha.

Alfajiri, washindi wakapanga mstari bwawani. Mama Nyumbu alisimama mbali na timu yake, akinuka, na ndama wake ameegemea mguu wake.

"Mama, tutakunywa lini maji mazuri?"

"Kesho, mwanangu."

Ndama akainua kichwa. "Na leo?"

Hapo Mama Nyumbu akalia. Alilia kwa sauti, bila kuona haya, maana swali lile alikuwa ameulizwa mara tatu na wakubwa, akalielewa lilipotoka kinywani mwa mtoto.

Katika mstari wa washindi, Kobe akageuka. Kugeuka kwake kulichukua muda, lakini aligeuka.

"Zamu yangu ya kiangazi hiki chote nampa mtoto huyu," akasema. "Mimi nitakunywa mwisho, na wa mwisho."

Ndama akanywa maji safi. Jua lilipopanda, Kobe akashuka kwenye tope, akanywa na timu yetu.

Mbweha akaruka. "Wewe ni wangu!"

"Mila inasemaje?" akauliza Kobe, midomo imejaa tope. "Mchezaji ni wa wale anaokunywa nao."

Mbweha akafungua kinywa, asali ikawa imekwisha. Nyati akamtazama Nungunungu, Nungunungu akatazama kichuguu, na wote wawili wakashuka kwenye tope. Bibi yetu Mama Nyumbu hakuelewa kilichotokea. Alielezwa mara tatu. Nyumbu!

Kobe alitoa sharti moja tu: Swala akae langoni pembeni yake, ajifunze. "Mimi si wa milele," alisema, "ingawa naonekana hivyo."

Ndama wangu, wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Timu mpya ijengwe, vijana waje, lakini wawakute wazee wa kuwaonyesha njia. Kesho hujengwa na waliokunywa maji leo.

Na ndama yule ndiye aliyemzaa bibi yake bibi yangu. Asingekunywa asubuhi ile, leo msingekuwa na wa kuwapigia paukwa, wala wa kuitikia.

Hadithi yangu nimeifikisha bwawani. Mwenye kiu na anywe, aliyeshiba na ainuke. Mimi nakimbia. Wapi? Muulizeni wa mbele.